Herufi Iliyopungua

Kwa Dada mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Je, kifua kimepoa, au baridi ya ugenini bado inakusumbua? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila jicho moja sasa linafanya kazi ya mawili, na bado anadai anatuona tukimwibia sukari.

Habari unazo: yule aliyejiita Mtetezi wa Wananchi ameanguka. Nimecheka, Dada, tena kwa sauti, bila haya. Sijasahau ulipohukumu kwamba hawezi kufunga gazeti kwa kauli yake tu. Alipanda jukwaani akawauliza watu ni nani aliyemchagua jaji yule. Wakajibu hakuna. Akasema basi huyo ni adui yenu. Jioni haijafika, mawe yalikuwa sebuleni kwetu, na moja likampata Mama. Wewe ukaikimbia nchi na ndara miguuni. Waliorusha ni majirani, watu wa kuombana chumvi.

Juzijuzi alileta mswada kwetu kiwandani, hapa tunapochapa nyaraka za serikali: kiongozi aliyechaguliwa na wananchi hataondolewa madarakani kwa amri ya mahakama. Msaidizi wake alitaka uchapwe asubuhi, upite bungeni mchana, usainiwe uwanjani jioni. Msimamizi wetu alipouliza nani atakagua, aliambiwa ukaguzi ni ujanja wa wasomi wa kuchelewesha matakwa ya wananchi. Bunge likapiga makofi bila kufungua ukurasa, naye akasaini huku akipungia umati. Haraka haraka haina baraka: sheria aliyoisaini inasema ataondolewa. Wenye gazeti waliposhtaki tena, majaji waliobaki waliisoma neno kwa neno, wakamwondoa.

Sasa nasikia umeitwa urudi kitini, na rufaa yake utaisikiliza wewe. Ndiyo maana nakuandikia.

Watu wanasema mpanga herufi alisinzia. Ukurasa ule niliupanga mimi, Dada, na sikusinzia. Niliichomoa h kwa kidole changu nikaitia mfukoni. Walitupiga kwa mawe, nami nikawajibu kwa risasi, maana herufi zetu bado ni za risasi. Najua nimefanya kama yeye: nimeamua peke yangu sheria iseme nini, na mimi pia hakuna aliyenichagua. Sijuti. Kila nikimwona Mama akipapasa kutafuta kikombe, moyo wangu unataka zaidi.

Ulizoea kuniambia hata mwizi wa kuku asikilizwe mpaka mwisho. Haya, msikilize. Herufi yenyewe nimekufungia humu kwenye bahasha. Ukiiweka mezani, atarudi madarakani na mimi nitakwenda jela. Ningeweza kunyamaza, lakini sitaki umwangushe kwa bahati. Nataka umwangushe ukijua.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote kuhusu h. Anasema ukija uangalie unapokanyaga sebuleni, vipande vya kioo bado vinaokotwa.

Ni mimi mdogo wako,
Vidole Vyeusi