Ugonjwa wa Mama Umelala

Bel-Air, Lubumbashi

Kwako Yaya Kabwe, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Pweto, na mchumba wako Mwenya hajambo? Huku tunapumua. Samaki wakavu uliotuma wamefika wote, ila Mjomba Mutale alijichagulia wale wakubwa kabla hatujafungua gunia vizuri. Unamjua.

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona sauti yangu imepoa wakati wewe unalia kwa furaha kwamba mama amepona. Nyumba ilijaa watu, sikuweza kukujibu. Nakujibu leo.

Karatasi ya daktari wa Ndola iliandikwa kwa Kiingereza, kama kawaida yao huko Zambia. Familia ikakusanyika hapa nyumbani, na kwa kuwa ndiyo lugha ninayofundisha, nikapewa mimi niisome. Neno lililoandikwa ni remission. Nikawaeleza kwamba wengi hulichanganya na cure, lakini hayo ni mambo mawili. Cure ni kupona kabisa. Remission maana yake kansa haionekani tena kwenye vipimo, imelala, na inaweza kuamka. Kwa hiyo vidonge viendelee na mama arudi Ndola kupimwa. Mjomba akakasirika, akaniuliza kama nilisomeshwa ili niwanyime watu furaha. "Joëlle, sema tu: dada yangu iko muzima ao hapana?" Nikasema kwa leo ni mzima. Basi, maneno yaliyofuata hakuna aliyeyasikia. Wanawake walikuwa wameshaanza kuimba.

Jumapili tukavaa sote kitenge cha pagne moja, mama akatoa ushuhuda kanisani, akaviweka vidonge vyake mbele ya madhabahu. Watu wakapiga makofi mpaka basi. Tangu siku ile hajakubali kumeza hata kimoja. Yaya, naogopa. Naogopa sana.

Nilidhani hakuelewa. Nikamkuta uani anachambua mboga za lengalenga, nikamweleza upya, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Akacheka. Akasema muuguzi wa Ndola alikwisha kumweleza yote kwa Kibemba, tena vizuri kunishinda mimi, kabla karatasi haijaandikwa. Aliposimama pale madhabahuni alijua. Nikamuuliza, kwa nini basi? Akanijibu kwamba sisi tulikuwa tumekonda kuliko yeye mgonjwa, na wewe ulishaahirisha harusi mara mbili kwa ajili yake. "Nilitaka batoto bangu bapumuzike," akasema. Na sasa, maadamu ameshashuhudia, hawezi kuonekana anameza dawa. Watu watasema alimchezea Mungu. Akaniapisha nisikuambie.

Kiapo hicho nimekivunja, na kuna lililo zito zaidi. Nimenunua vidonge vipya. Kila asubuhi nasaga kimoja, nakitia katika uji wake, kisha nampelekea huku natabasamu. Mimi huyu huyu niliyegombana na mjomba juu ya ukweli! Sijui kama namtibu mama yangu au namdharau.

Uji hauwezi kumfikisha Ndola kupimwa. Wewe ndiye mtu ambaye mama hamkatalii. Njoo, sema umekuja kupanga harusi, halafu mkiwa wawili tu umwombe. Usimgombeze. Mwambie tutapumzika vizuri zaidi akiwa anatibiwa mbele ya macho yetu.

Usichelewe, maana nadhani anakungoja. Jana alionja uji, akaendelea kula kijiko kwa kijiko. Aliponirudishia bakuli hakuniangalia usoni. Akasema, "Joëlle, uji ya leo iko buchungu. Kesho utie sukari mingi."

Bakuli lilikuwa tupu.

Msalimie sana Mwenya na wote wa hapo ziwani. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi mdogo wako,
Joëlle