Walivaa Kofia Wakanyamaza

Brenna, Nebraska
14 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Emil,

Habari za huko Lincoln? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku hatujambo. Nimeandika "sisi" tena. Ni mimi na mbwa, na wote wawili hatujambo.

Mnada umekwisha. Najua kamati yako ya Bunge ilikushika, sikulaumu. Ng'ombe wa marehemu Rudy wangu wameuzwa wote, na nilisimama pale mpaka wa mwisho akatoka. Minada ya wajane unaijua. Ng'ombe wa kwanza akiingizwa, wanaume wanavua kofia, na hakuna anayetaja bei ila jirani wa mpaka mmoja. Nilimtanguliza Hattie, yule ng'ombe mzee mwenye sikio lililochanika, aliyekuwa akija kwa mluzi wa Rudy. Jirani yetu Stan Pokorny akamnunua, huku anapangusa macho kwa mkono wa koti.

Kisha kofia zikarudi vichwani na mnada wenyewe ukaanza. Lakini wanunuzi wa viwanda vya nyama waliendelea kunyamaza. Trent Maddox anataja bei, wenzake wanatazama viatu vyao, dalali anagonga nyundo, kundi limekwenda. Nikamuuliza dalali mbona hivi. Akanijibu, "Wanakuhurumia, mama. Wanafanya upesi usiumie." Bei ilikuwa ya chini, ila nimeambiwa soko ni baya kila mahali.

Nilioka kolache, vile vimikate vya Mama vyenye jamu ya plamu, nikawapelekea wanunuzi wale kwenye benchi lao. Trent alikula tatu. Akasema Rudy alikuwa mtu muungwana.

Dada yako,
Lavonne


Lincoln
25 Novemba

Dada Lavonne,

Nimepata barua yako, nami ni mzima, kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Imenipoza moyo. Huku watu wananicheka kwamba natoka kwenye ng'ombe wengi kuliko wapiga kura. Nitawaambia wapiga kura wangu wanavyomvulia kofia marehemu.

Nilimkumbuka Rudy juzi, siku ile aliponifundisha kuendesha trekta nikaangusha lango. Alilitazama lango, akanitazama mimi, akasema, "Basi, sasa unajua lilipo." Kula vizuri, dada. Usile mkate mkavu ukiwa umesimama kama ninavyokujua.

Mdogo wako,
Emil


Brenna
20 Septemba

Emil mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mwili wangu ni mzima. Nakuandikia mambo ya mahakamani, maana gazeti limeyapa mistari michache karibu na matangazo ya matairi.

Ile haikuwa heshima, Emil.

Wanunuzi wale walikuwa wamepatana, kiwanda kwa kiwanda, nani anunue wapi na nani anyamaze, ili bei isipande. Miaka yote hiyo. Mwanasheria wa jimbo alisoma jumbe walizotumiana kwa simu, moja baada ya nyingine, kwa sauti kama ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Siku ya mnada wetu mmoja aliandika, "Leo zamu ya Trent. Wengine midomo kufuli." Mwingine akajibu, "Mjane anaoka vizuri. Kuleni mnyamaze."

Watu wa nyuma walicheka. Halafu wakaniona, wakaacha.

Mimi niliwalisha, Emil. Niliamka kabla ya jua nikakanda unga kwa ajili yao, nikachagua sahani isiyo na ufa. Nikawashukuru! Tangu siku ile ya mahakama sijawasha tanuri.

Sasa sikiliza adhabu yao. Hakimu mwenyewe alisema mikono yake imefungwa, sheria ya jimbo letu ni ya kale na faini yake kubwa kabisa ni hiyo iliyoandikwa. Wakili wa kiwanda alikubali kabla hakimu hajamaliza sentensi. Kiwanda hulipa zaidi ya hapo kuoshewa malori. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyefukuzwa kazi. Trent alinikuta kwenye ngazi za mahakama, akagusa ukingo wa kofia yake. "Siku njema, mama." Mama! Kofia aligusa tu, hakuivua.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Unamkumbuka Rudy siku za kutoka mnadani? Alikuwa anapitia zizini kabla ya kuingia ndani, anawapapasa ng'ombe mbavu. "Labda wamekonda, Lavonne. Labda nimewapa nyasi mbaya." Alibadilisha nyasi. Alibadilisha fahali. Mwaka wa mwisho aliniambia baba yake angeona aibu. Ng'ombe walikuwa wazuri, Emil. Mume wangu amekufa akidhani ni mfugaji asiyejua kazi yake.

Nasikia Seneta Ostergaard ana mswada wa kuongeza adhabu hizi. Wewe unakaa viti viwili kutoka kwake. Najua sheria mpya haitawagusa waliotuibia sisi. Haidhuru. Msaidie.

Dada yako,
Lavonne


Lincoln
18 Januari

Dada yangu mpendwa,

Natumaini theluji haijakufungia ndani, na kwamba Stan anaendelea kukusafishia njia. Mimi sijambo.

Nisamehe kwa kukawia. Mswada nimeusoma wote. Ukipita, faini itapimwa kwa faida waliyovuna, mfugaji aliyeumizwa ataweza kudai mara tatu ya hasara yake, na mtu aliyepatana na wenzake atashtakiwa yeye mwenyewe asijifiche nyuma ya kampuni. Ni mswada mzuri.

Lakini mambo huku si mepesi, dada. Kiwanda kikubwa kiko katika eneo langu. Watu wao wamenialika chakula wakaniambia taratibu kabisa kwamba adhabu zikipanda huenda wakahamia jimbo jingine. Nusu ya watu walionichagua wanakula kwa kiwanda kile. Nikisema ndiyo, wananiona adui. Nikisema hapana, sitaweza kukutazama usoni. Natafuta njia ya katikati. Nivumilie.

Mdogo wako,
Emil


Brenna
9 Machi

Emil,

Hujambo? Mimi sijambo. Stan Pokorny hayupo tena. Alianguka ghalani Jumanne, kiharusi, na mkewe Darlene ndiye aliyemkuta. Kwa hiyo usiulize njia yangu inasafishwa na nani.

Nilikutazama kwenye televisheni ya maktaba siku ya kura ya kwanza. Mswada ulipita kwa kuponea chupuchupu. Nilitafuta jina lako kwenye ndiyo, sikuliona. Nikalitafuta kwenye hapana, sikuliona. Mkutubi akanionyesha safu ya tatu: waliokuwepo wasiopiga kura. Akanieleza kwamba huko kwenu anayenyamaza ni sawa na anayekataa, maana ndiyo zikipungua mswada unakufa. Tofauti ni kwamba hakuna wa kumlaumu.

Hiyo ndiyo njia yako ya katikati?

Ulikuwepo. Ulikaa pale umefunga tai niliyokununulia, ukatazama viatu vyako. Wale wa benchi walifanya nini zaidi ya hicho? Nao walikuwepo. Nao hawakusema hapana. Angalau wao walipewa kolache, wewe ulipewa nini kwenye chakula chao? Ulipokuwa mdogo ulivunja kioo cha kanisa ukamwacha rafiki yako Milo apigwe, ukasema hukudanganya kwa sababu hukuulizwa. Mama alisema utakuja kuacha tabia hiyo. Nami nilisema hivyo hivyo.

Pasaka usije. Nitakwenda kwa Darlene.

Lavonne


Brenna
27 Aprili

Emil,

Hukujibu, na mimi sikutarajia. Natumaini u mzima. Nakuandikia kwa sababu jambo hili sina mwingine wa kumwambia ambaye anajua jinsi Rudy angelicheka.

Jumamosi ulikuwa mnada wa Darlene. Wa kwanza kuingizwa alikuwa Hattie. Kofia zikavuliwa. Jirani wa mpaka mmoja ni mimi, kwa hiyo nikamnunua. Aliponiona alisimama. Nadhani alikuwa anamtafuta mwenye mluzi.

Kisha kofia zikavaliwa, ukaja ule ukimya. Trent yuko pale pale, benchi lile lile, ana buti mpya. Akataja bei ya kutukana. Wenzake wakatazama sakafu. Darlene akaniminya mkono: "Wananihurumia, sivyo?"

Emil, nikanyanyua mkono.

Dalali alidhani najikuna. "Mama Vavra, unasalimia au unanunua?"

"Nanunua."

Trent akageuka. "Mama, una malisho wewe?"

"Yangu nayajua mimi. Wewe taja bei, au siku hizi mpaka uandikiwe kwenye simu?"

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Akapandisha. Nikapandisha. Kundi lililofuata mzee Sedlak akanyanyua mkono kabla yangu, naye hana hata zizi, anaishi ghorofani juu ya kinyozi. Halafu binti wa Kucera. Wakati fulani wale wa benchi walisahau zamu ya nani, wakaanza kupandishiana wao kwa wao. Darlene alipata bei ambayo Rudy hakuiona miaka yote ile. Nilitoka nje nikamlilia Rudy pale kwenye ua wa malori. Ng'ombe walikuwa wazuri, Emil.

Sasa ninaye Hattie, na mtamba mmoja mkorofi ambaye Trent aliniachia kwa makusudi. Amekwisha bomoa uzio wa kaskazini na kuingia kwenye vitunguu vyangu. Sina nguzo na sina mikono ya kutosha.

Lakini sisi wanyonge hatuwezi kwenda kila mnada kunyanyua mikono mitupu. Hiyo si kazi yetu. Ni kazi yenu.

Dada yako,
Lavonne


Lincoln
16 Mei

Dada Lavonne,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, Hattie na yule mkorofi.

Kura ya mwisho imepigwa leo. Waliita majina kwa sauti, mmoja mmoja. Kwenye roshani ya wageni walikaa wale walionialika chakula, na mmoja wao alinipungia mkono. Wakaita jina langu, "Novotny". Nilitazama viatu vyangu, nikajiona ninavyovitazama. Nikasimama, ingawa kwetu hakuna anayesimama, nikasema ndiyo. Nadhani nilipiga kelele, maana karani aliinua kichwa.

Mswada umepita. Yule aliyenipungia mkono hakuupunga tena. Mwakani huenda nikarudi nyumbani moja kwa moja, wapiga kura wakiwa wameniondoa kihalali.

Kwa Rudy nimechelewa. Nilipaswa kuwa mnadani siku ile, na nilipaswa kusema mwezi Machi.

Jumamosi nakuja na nguzo za mierezi nyuma ya gari, na koleo. Nitaanzia uzio wa kaskazini. Usinitengee sahani mpaka mtamba yule ashindwe kutoka.

Mdogo wako,
Emil