Sanduku Kasongo, Manivela Kabambare

Mwamini, mwenzangu wa ua mmoja,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wote wa nyumba ya kaka yako. Mimi mzima, ila goti. Najua barua hii hutaisoma wewe. Itasomwa na mwalimu wa chuo cha Kabambare mbele ya kaka yako, shangazi zako, na kila mpita njia atakayesikia neno Kasongo akasimama. Haidhuru. Nilichonacho si cha kufichwa. Mwalimu, nakuomba usome polepole, wala usiruke maneno kwa sababu ni ya wanawake.

Manivela imefika. Dereva wa kamiyo ya pamba aliileta juzi baada ya alasiri, imefungwa katika kile kikwembe chako cha ndege wa manjano, akaanza kupiga kelele tangu barabarani: "Mama! Mwamini anakutumia chuma ya kinanda! Anasema sasa uimbishe weye peke yako!" Majirani wakatoka. Mama Sakina wa nyuma ya nyumba akapiga kigelegele, akasema leo tutasikia muziki. Nikashukuru, nikampa dereva ndizi, nikaingia ndani nikafunga mlango jua likiwa bado linawaka. Nililia, Mwamini. Mtu mzima kama mimi, nalilia kipande cha chuma.

Maana nilielewa. Mtu anayekuja hatangulizi manivela.

Hao wanaosikiliza huko hawajui manivela ni kitu gani kwetu. Wewe ukiwaeleza utaongeza chumvi, kwa hiyo acha nieleze mimi. Mume wetu Salumu, fundi cherehani, Mungu amrehemu, alinunua kinanda cha sahani kwa yule Mugiriki wa karibu na soko, alipokuwa anafunga duka arudi kwao. Sanduku, sahani chache, na manivela ya kuzungushia, maana bila kuzungushwa kinanda ni kiti tu. Sasa wake wawili, kinanda kimoja! Wewe ulisema kilale kwako kwa sababu ndiwe unayejua kucheza. Mimi nilisema kilale kwangu kwa sababu nilitangulia kuolewa. Salumu naye alikuwa anaogopa ile siku ya kufufuliwa, mume aliyependelea mke mmoja asimame mbele ya Mungu upande umepinda. Unakumbuka alivyokuwa anagawa samaki? Alimpima kwa utepe wa cherehani, kichwa mpaka mkia, halafu ndiyo anakata. Basi alikanyaga cherehani mchana kutwa, magharibi akatoa hukumu yake: sanduku kwa Yaya, manivela na sahani kwa Mwamini. "Sasa sikumupendelea mutu," akasema, akaenda kutawadha ametulia kabisa.

Kasongo nzima ilicheka. Hata imamu alificha kicheko ndani ya ndevu.

Tukamnunia. Wewe ukakaa na chuma chako, mimi na sanduku langu, muziki hakuna. Nilitandika kitambaa juu yake nikaweka birika. Hatimaye Alhamisi moja ukakatiza ua, manivela kwapani, sahani kichwani, hata salamu hukunipa. "Yaya, ondoa birika. Sikuje kwa ajili yako, nimekuja kwa ajili ya muziki." Yaya, dada mkubwa, ndivyo ulivyoniita tangu siku ya kwanza, hata ulipokuwa unanitukana. Tangu hapo kila Alhamisi ulikuja, na mimi nilianza kuliondoa birika mapema, ila nilikuwa naliacha karibu ili usijue kwamba nilikungoja.

Tulibishana juu ya kila sahani. Wewe ulipenda magitaa ya watu wa Leo, kule mji mkuu, ulisema muziki usioinua kiuno si muziki, ni hotuba. Mimi nilisema muziki wa kweli ni ule wa kukaa kitako, unaosikiliza mpaka chai inapoa. Hadi leo sijabadili mawazo. Lakini ile sahani ya yule bwana wa lugha isiyojulikana, ambayo hata Mugiriki alikuwa hajui inasema nini, hiyo tuliipenda sote. Wewe ndiwe uliyeanza kutafsiri. "Anasema mbuzi wake amepotea." Nikasema hapana, mbuzi hawezi kuliliwa hivyo, huyo ni mke. "Aka! Yaya, wewe hujawahi kupoteza mbuzi." Kila Alhamisi tulimwongezea habari. Mbuzi akawa na jina, akaonekana Lusangi, akaliwa na shemeji. Salumu barazani alikanyaga cherehani akifuata ngoma bila kujijua, nguo za watu zikashonwa mshono wa kuruka-ruka.

Na elimu yako ya kwa munganga! Wewe uliyefua mashuka ya hospitali ya Kabambare ulikuja hapa na dunia nzima kichwani. Siku watu wa kupima ugonjwa wa usingizi walipotupanga mstari kutushika shingo na kututoboa vidole, mimi nilificha mikono ndani ya nguo, wewe ukanyoosha kidole kama unavalishwa pete. Ukaniambia munganga alikuonyesha tone la maji ndani ya kioo chake, na vidudu vilikuwa humo vinaogelea kama watoto mtoni. Ukataka maji yote ya nyumba yachemshwe. Nikakuambia nimekunywa vidudu hivyo tangu utoto, na nitazame, nimenenepa. Ukasema, "Umenenepa kwa sababu yao, Yaya. Ni nyama." Nilikaa siku kadhaa sigusi maji mabichi, nikisema ni tumbo tu linanisumbua. Sasa nachemsha kila siku. Hakuna anayeniamrisha, nachemsha tu, nasikia sauti yako.

Lakini ya dunia kuzunguka sikukubali. Nilikuambia, kama inazunguka, mchele wangu kwenye ungo mbona haumwagiki? Ukatafuta sisimizi mlangoni, ukamweka juu ya sahani ya yule bwana wa mbuzi, ukazungusha manivela. Sahani ikaenda mbio, sisimizi akatembea juu yake taratibu kama mtu anayekwenda sokoni. "Ona," ukasema, "anajua kwamba iko nazunguka? Hajui. Ni wewe huyo." Nikakujibu sisimizi yule hakusoma Kurani, hawezi kuwa shahidi. Tukacheka mpaka Salumu akaacha cherehani akaja kuuliza nani amekufa. Siku hizi, Mwamini, nafikiri labda ulisema kweli. Inazunguka. Kila asubuhi naamka palepale.

Acha nikueleze kinu. Unakijua kinu chetu, tulivyokuwa tunatwanga mpunga wawili, mchi wako ukipanda wangu unashuka, tu-ti, tu-ti, na watu wa mtaa wakisema wake wa Salumu wameamka. Ukiwa umenuna ulitwanga haraka kunichosha. Nikiwa nimenuna mimi, nilichelewesha mchi kidogo tu ili wako ugonge mbao. Tuligombana bila kufungua kinywa, na mchele ukatoka mweupe. Sasa natwanga peke yangu. Ni tu, halafu kimya, halafu tu. Mama Sakina aliniletea binti yake anisaidie, mtoto mwenye adabu, nikamrudisha. Anatwanga vizuri mno, hana ugomvi.

Napika mchele na sombe ya majani ya muhogo na mawese, nakula, sufuria linabaki na nusu. Kila siku nasema kesho nitapunguza. Mkono umezoea.

Salumu alipokufa walituweka eda chumba kimoja. Watu walituhurumia, wakasema maskini, wajane wawili wa mume mmoja, watauana humo. Wallahi, pamoja na msiba wote, sijawahi kuongea na mtu vile. Hatukuweza kupiga kinanda, ni msiba, basi wewe ukawa unaimba yule bwana wa mbuzi kwa pua, polepole, uso umeufunika, na aliyepita nje alisema masikini, sikia Mwamini anavyolia. Nami nilikuwa nauma shuka nisicheke. Tukapanga. Ulisema tukitoka eda tutabomoa ukuta wa jiko lako, tupike mahali pamoja, tuuze vitumbua sokoni. Ulisema wewe, si mimi.

Halafu kaka zako wakaja na kamiyo. Kaka yako mkubwa, ambaye namsalimia kwa heshima kwa kuwa najua amekaa hapo anasikiliza, alikaa barazani pa marehemu akasema, "Dada yetu hakuzaa hapa. Atabakia kufanya nini?" Mimi, mwanamke asiyetakiwa kusema mbele ya baraza la wanaume, nikasema. Nikasema abaki, tutakaa wote, nyumba ipo. Mnakumbuka mlivyocheka? Kaka yako alijipiga paja: "Mukewenza anataka mukewenza wake! Hii ni mapendo ao ni ulozi?" Baraza zima likaangua kicheko, hata ndugu wa Salumu. Sikuumia kwa hao. Niliumia kwa sababu na wewe ulicheka, Mwamini. Ukanitazama ukacheka, ukadhani ni mzaha wangu wa siku zote, mzaha wa sisimizi na Kurani. Ukapanda kamiyo na manivela ndani ya mzigo, kwa kuwa ni fungu lako. Ukaniachia sahani, ulisema njia mbaya, zitavunjika. Kamiyo ikaondoka, nikabaki nimesimama na sahani mikononi kama mtu aliyealikwa karamu akakuta watu wamekwisha kula.

Haikuwa mzaha. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa na baba yangu, mkono unauma, na nataka isomwe mbele ya watu ili safari hii mtu asicheke. Nakutaka urudi. Si kwa kazi, wala kwa kinu. Nakutaka kwa sababu nyumba hii haina wa kunibishia. Nikisema mvua itanyesha, hakuna anayesema haitanyesha. Jana nilisema peke yangu kwa sauti, "Dunia haizunguki," nikangoja. Kuku wako alinitazama tu.

Nilijaribu kuishi bila manivela, sitakuficha. Nilimwomba dereva aniazime ile ya kamiyo yake, ya kuwashia mota. Mama weee! Nzito kama mtoto wa miaka mitatu, haikuingia hata ncha, na dereva alicheka mpaka akakaa chini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na manivela ya kamiyo haiimbishi kinanda.

Dereva huyo huyo aliniambia jambo lingine, na nalisema wazi. Alisema yuko mtu wa duka huko Kabambare anakuulizia kwa kaka yako, na kwamba kaka yako anamsikiliza. Kama unamtaka, mwenzangu, nenda, na Mungu awabariki, nitatuma mchele wa harusi na nitasema kwa watu kwamba nimefurahi. Muulize tu kama anapenda muziki wa kukaa au wa kucheza. Lakini kama humtaki, na unanyamaza kwa sababu huna pa kwenda, basi sikia: una pa kwenda. Ukuta wa jiko lako nimeubomoa. Nilimlipa mtu kwa mpunga, akaubomoa, sasa jiko ni moja, kubwa mno kwa mtu mmoja, na moshi unapotea ndani yake. Vitumbua sijaanza. Mkono wangu wa vitumbua ni mbaya, wewe mwenyewe ulisema vinafaa kuzibia mashimo ya barabara.

Mimi siwezi kuja kukuchukua. Kamiyo ile ingemaliza goti langu kabla sijafika nusu ya njia.

Sasa juu ya manivela. Juzi, nilipomaliza kulia, niliondoa birika. Nikaweka sahani ya yule bwana wetu. Nikaitia manivela katika tundu lake, ikaingia vizuri, hata kutu haina, naona umekuwa ukiipaka mafuta. Nje Mama Sakina na wanawake wengine walikuwa wamekwisha kaa, wanangoja. Nikaishika. Nikaitoa. Nikatoka nikawaambia imevunjika, warudi makwao.

Haikuvunjika. Dereva anayekuletea barua hii anayo, nimeifunga katika kikwembe chako kilekile cha ndege. Pokea fungu lako. Salumu hakunipa mimi chuma, alinipa sanduku, na hukumu ya marehemu haivunjwi na wajane. Kaa nayo huko, uitazame kila siku kama ninavyolitazama sanduku hapa. Usimpe tena dereva.

Ilete.

Ni mimi, mwenzako wa kinu kimoja,
Yaya