Kundi Lililokataa Kunong'onezwa

Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi,
mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Goti lako linaendeleaje? Dada yako ameniamuru nianze na goti, maana anasema nikianza na mengine utadhani tumelisahau. Na mumeo je, bado anapanda juu ya paa kuziba mabati mwenyewe, au wajukuu wameshamficha ngazi? Tunatumaini nyumba nzima mmeamka salama, wakubwa kwa wadogo.

Sisi huku ni wazima kwa kiasi cha watu wa umri wetu: kila mmoja ana chake kinachomuuma, na siku asipoumwa popote hujipapasa kuhakikisha kwamba bado yupo. Dada yako anapumua vizuri tangu alipobadilishiwa dawa, na ulimi wake haujawahi kuhitaji dawa yoyote. Mimi ni macho tu. Ukiona nimeandika herufi kubwa, usidhani nakudharau. Ni mimi ninayetaka kuziona.

Nimechelewa kuandika, na sikuchelewa bure. Nina habari ya kaka yako, na sikutaka uipate kwa simu, kipande kipande, laini ikikatika pale panapouma. Yu hai, hana homa, anakula. Nimetanguliza hayo ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Ulisikia kwamba tumeanzisha kundi la maigizo. Hukusikia kwa nini. Kaka yako alipostaafu ulinzi wa maegesho ya magari, aliona tangazo kwamba ukumbi mkubwa wa mji unatafuta mwigizaji wa kuwa babu. Akapiga pasi shati lake, akaenda. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha msimamizi akamwambia, "Kweli tunatafuta mzee, lakini asiwe mzee sana." Nafasi akapewa kijana mmoja, wakammwagia poda kichwani. Kaka yako akakata tiketi kwenda kumtazama. Aliporudi nikamuuliza kijana anafanyaje. Akasema, "Yule hajazeeka, Shemeji. Yule amemwagikiwa."

Tulicheka hadi dada yako akaomba maji. Lakini kicheko kilipokwisha, kaka yako alibaki ametazama mikono yake, na hapo ndipo kundi lilipozaliwa. Tukajiita Mvi. Sharti la kujiunga lilikuwa moja tu, uwe nazo, na mwenye upara alete shahidi.

Tulipata ghala nyuma ya karakana ya samani. Panawasha pua kwa harufu ya vanishi, na misumeno ikianza kazi husikii hata mawazo yako. Jukwaa tulilipiga kwa mbao walizotuachia mafundi. Pazia dada yako alilishona kwa mashuka ya hoteli iliyofungwa, akayatia rangi kwenye karai la kufulia, nayo yakakataa kulingana, hivyo upande mmoja wa pazia letu ni zambarau na wa pili ni kama nyanya iliyopigwa na jua. Wenzetu wakubwa ni wawili: Bibi Kicheko, aliyekuwa mwimbaji wa redio kwao kabla ya kuja kufua mashuka ya hospitali huku, na Fundi Saa, anayetengeneza saa za watu wote na kuchelewa kila mahali.

Katika kikao cha kwanza nilisema tutafute mnong'onezaji, mtu wa kukaa chini ya jukwaa na kututupia maneno yaliyotupotea, kama ulivyokuwa wewe kule nyumbani. Kaka yako akainuka. "Wanasema wazee tunasahau," akasema. "Tukiweka mtu wa kutunong'oneza, tumejipalia makaa wenyewe. Mvi hawanong'onezwi." Shemeji, ungemsikia ile sauti. Sote tulipiga makofi, nami nikapiga. Fundi Saa, mwenye mwandiko mzuri, akaandika bango tukalibandika mlangoni: HAPA HANONG'ONEZWI MTU. Watu walikuja kupiga picha mbele yake. Tulijiona vijana.

Mchezo niliuandika mimi. Mzee anarudi nyumbani kwake baada ya safari ndefu, anakuta wanawe wamegawana vyumba vyote. Katika sehemu ya tatu anasimama mlangoni, anawaeleza kila chumba kilikuwa nini kabla hawajazaliwa. Ni maneno mengi, pengine mengi mno, lakini niliyaandika kwa ajili ya kaka yako. Nani kati yetu aliwahi kumsikia akipotea? Kule nyumbani, enzi zetu za jukwaani, wengine tulikuwa tunatoka jasho, yeye anamwaga maneno kama bomba lililopasuka.

Sehemu mbili za kwanza alizishika vizuri. Ya tatu hatukuifikia mara nyingi kwenye mazoezi. Fundi Saa akifika, misumeno nayo imefika. Tukimwambia kaka yako abaki turudie, anavaa kofia. "Hiyo ninayo," anasema. Nasi tukaridhika kwamba anayo.

Siku ya uzinduzi mabenchi yalijaa hadi watu wakakalia makopo ya rangi. Kaka yako alinguruma, na mimi nyuma ya pazia nikawa nasema moyoni, mwambieni sasa yule msimamizi aje. Sehemu ya tatu akasimama mlangoni. Akaeleza sebule. Akaeleza chumba cha wageni. Akanyamaza.

Tulidhani anavuta pumzi. Zile pumzi zake tunazijua, watu wa nyumbani walikuwa wakiziiga mitaani. Lakini hii ilipita kiasi. Bibi Kicheko, aliyekuwa mkewe mchezoni, akajaribu kumshika mkono kwa maneno: "Na jikoni, baba? Jikoni palikuwaje?" Kaka yako akamtazama, na nakuapia hakumtazama mke wa mchezoni, alimtazama mfua mashuka wa hospitali. Akasema polepole, "Sikumbuki, mama."

Ukumbi mzima ulisimama kwa makofi. Watu walifuta machozi. Kesho yake nilisimamishwa sokoni nikapongezwa kwa sentensi ambayo sikuiandika.

Nyuma ya pazia tulimkuta anavua koti.

"Kaka, umewaliza," dada yako akamwambia.

"Nimewadanganya."

"Tutaweka mtu pembeni," nikasema. "Nani atajua?"

"Mlango utajua. Umeandikwa." Akakunja koti kwa utaratibu, kama anayerudisha nguo ya watu. "Ile sheria ni yangu. Nikiivunja mimi, kesho nitamkataza nani?"

"Kwani wewe ni serikali?" dada yako akamaka.

"Kaka mkubwa ni serikali ndogo."

"Basi serikali imepinduliwa. Kaa chini unywe chai."

Alicheka, Shemeji. Alikunywa hata hiyo chai. Kisha akaenda kwake, na hakurudi tena ghalani.

Tiketi za juma lililofuata zilikwisha kuuzwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kujifunza maneno yale yote haraka namna ile. Tukamchukua mwalimu mmoja wa jiografia, mtu mwema, mwenye heshima zake, lakini hajamaliza hata kulipia ada za wanawe wadogo. Nywele zake ni nyeusi ti. Sasa fikiria mwenyewe kilichofanyika. Dada yako alimkalisha kwenye kiti, akashika kopo la poda, akampaka kichwa kizima huku akimwambia, "Tulia, mwanangu, kosa si lako." Alipomaliza akatoka nje, akakaa kwenye rundo la mbao. Nilipomfuata akasema, "Mume wangu, tumekuwa wao."

Na bado sijakuandikia lililoniuma zaidi. Juma lile lilipokwisha tulikaa kuzungumza, na Fundi Saa akafungua kiganja. Alikuwa ameandika maneno yake kwa kalamu tangu siku ya kwanza. Bibi Kicheko akakunjua mkono wa gauni, humo mmejaa maandishi kama ukuta wa choo cha shule. Kumbe wote tulikuwa tunasahau! Kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake, na wote tumejificha nyuma ya bango moja. Laiti mmoja angesema mapema, tungelichana lile bango kwa vicheko, na kaka yako angekuwepo akicheka kuliko wote.

Tumelichana sasa. Tunaye mnong'onezaji, mkunga mstaafu, anakaa waziwazi pembeni ya jukwaa na miwani yake, na watazamaji humsalimia wakiingia. Hakuna aliyetucheka. Ukumbi unajaa, na wazee wengine wanabisha hodi wakitaka kujiunga. Yule tuliyejenga nyumba kwa ajili yake ndiye pekee aliye nje. Nimemtumia ujumbe mara nyingi kwamba sheria imekufa. Hujibu kwamba anafurahi kusikia, na ana mafua.

Dada yako alimpeleka kwa daktari kwa kisingizio cha hayo mafua. Daktari alimpima kwa siku kadhaa, kisha akatuita sisi wawili. Si maneno ya mchezo tu yanayompotea, Shemeji. Kumbukumbu yake inapungua, na itaendelea kupungua. Zipo dawa za kuivuta kidogo, ila za kuirudisha hakuna. Yeye mwenyewe ameambiwa, na alimshukuru daktari kama mtu aliyeelekezwa njia.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwake peke yangu. Chumba chake ni safi kuliko changu, redio inaongea kwa sauti ya chini. Nikamuuliza moja kwa moja kwa nini alikataa kunong'onezwa hata na mimi, mume wa dada yake. Akaniambia jambo ambalo wewe umelijua miaka yote hii.

"Mimi sijawahi kuhifadhi sehemu ya tatu ya mchezo wowote," akasema. "Mdogo wangu alikuwa chini pale."

"Si alikuwa akiwanong'onezea wengine?"

"Ndivyo tulivyotaka mdhani. Nilikuwa nasimama, ananitupia neno moja, naendelea. Zile pumzi mlizozisifu, nilikuwa namsubiri yeye."

Shemeji, nililazimika kuzima redio. Mara ngapi tulikaa kwenu tukisifu kichwa cha kaka yako, na wewe umeshika birika unatumiminia chai, hujasema kitu? Nikamuuliza, kama ni hivyo, ile sheria ilikuwa ya nini? Akasema, "Kumweka mwingine pale ni kukubali kwamba yeye hatakuja." Basi kumbe pembeni ya jukwaa letu palikuwa na nafasi ya mtu, nasi tukaibandikia bango la majivuno.

Na ni kweli, hukuja. Kila mwaka tulisema mwakani. Mara vibali, mara goti, mara nyumba yetu ni ndogo. Tulidhani mwakani ni mahali ambapo pangetusubiri.

Sasa nikwambie ninalokuomba. Siku hizi akizungumza hukatika katikati ya sentensi. Huinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, anatazama sakafu, anasubiri. Sisi humkimbilia. Dada yako humpa sentensi nzima pamoja na nyingine asiyoiomba, naye hukasirika, "Wewe unanong'oneza kama muuza nyanya!" Mimi humpa neno ambalo silo. Hakuna anayejua kumpa kama ulivyokuwa ukimpa.

Mpigie simu. Asubuhi ni bora, kabla hajachoka. Usimuulize kama anakukumbuka, swali hilo humuumiza hata anapojua jibu. Mwache asimulie chochote, kwenu, wazazi wenu, michezo ya zamani. Atakaponyamaza, usiogope wala usimlilie. Hesabu pumzi yako, mtupie neno moja, ukae kimya. Huenda siku nyingine asikuite kwa jina. Nadhani sauti yako ataijua hata hapo jina litakapochelewa, lakini hilo siwezi kukuahidi. Tunaahidi tu kwamba simu yake itakuwa na chaji.

Nilipomwambia nitakuandikia, alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Akasema, "Usimwambie nimesahau. Muulize tu kama ana nafasi." Ndiyo, Shemeji, ninakuuliza.

Msalimie mumeo, shangazi mdogo, wale pacha, na mama mkwe wako hata kama bado hapokei salamu zangu. Dada yako anakusalimu kwa machozi na pia kwa ukali, anasema umfiche mwingine siri, si yeye. Bibi Kicheko na Fundi Saa wanakusalimu bila kukujua, au tuseme wamekujua juma hili.

Mungu akulindie goti na sauti, awape nyote siku zenye nafasi, na atusamehe sisi tuliozitumia zetu kwa kujionyesha.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukutegemea,

Mume wa dada yako.