Neno Mzalendo na Chapa ya Mbuzi Wako

Ndugu yangu Lokiru,

Ejok, salamu ya kwenu. Nakuandikia nikiwa Kakuma, nimekalia mfuko wa simenti, wenzangu wamekwenda kula. Mimi sina hamu. Tangu tukuzike imepita miezi saba, na joto ni lile lile.

Nimechoka, sikufichi. Magoti yananiuma, na asubuhi mkono wa kulia haukunji vidole mpaka niumwagie maji ya moto. Lakini sikuandikii kulalamika. Naandika kwa sababu ya binti yako Akai. Nilikaribia kukukosea, na nataka usikie kutoka kwangu.

Akai aliitwa chuo cha uuguzi pale Lodwar. Tulifurahi siku moja tu. Chuo kilitaka kitambulisho, au angalau ile karatasi ya kusubiri, kabla ya mwezi kuisha. Kitambulisho cha mtoto kinataka cha mzazi. Mama yake alitangulia zamani, nawe ulikufa huna. Ulikwenda kukitafuta mara tatu. Mara ya mwisho ulirudi unacheka: "Wameniuliza nilizaliwa lini. Nikasema mvua ilikuwa inanyesha. Wakasema mvua si tarehe."

Nilikumbuka ile siku Kalobeyei tukipiga lipu darasa, redio ya fundi Mkongo imewashwa, mtu anahutubia: mzalendo hivi, mzalendo vile. Ukaniuliza, "Wafula, huyu Mzalendo ni nani? Ameiba nini?" Tulicheka mpaka lipu ikaanguka. Mimi niliyeishia darasa la saba nikajifanya mwalimu. Nikakueleza tulivyoambiwa shuleni, kwamba ndani ya neno hilo kuna kuzaa: mzalendo ni mtu wa mahali alipozaliwa. Ile sehemu ya mwisho hata mwalimu wetu alisema hajui ilikotoka. Ndipo baadaye, nikasema, likawa neno la kuipenda nchi. Mkongo akazima redio. "Kwetu ile neno inatembeaka na bunduki," alisema, akarudi kwenye mwiko wake. Wewe ukasema: "Basi mbuzi yangu ni mzalendo. Imezaliwa hapa, mama yake hapa, nyasi ya hapa. Wewe ndio sijui. Wewe umetoka Kenya."

Kwa sababu kwenu Kenya huanza mtu akishavuka Kainuk kuelekea Kitale. Nilikuuliza, basi huipendi nchi? Ukanitazama kama mtu aliyeuliza upuuzi. "Mtu anaulizwa kama anapenda mama yake?"

Sasa nisikie. Pale Lodwar kuna jamaa anayejazia watu fomu. Alituangalia mimi na Akai, akasema, "Mzee, una kadi? Si umwandike binti yako! Dakika tano, mambo kwisha." Nikamtazama Akai. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Baba mdogo, andika tu," alisema. "Mimi mwenyewe nitajua baba yangu ni nani."

Nikachukua kalamu. Pale penye jina la baba nikaandika W, a, f. Sitakudanganya kwamba malaika alinishika mkono. Nilitaka kumaliza niende nikalale. Ila niliisoma ile karatasi juu mpaka chini, na wewe hukuwemo. Akai amekuwa mtu wa kwetu Kimilili, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, na wewe umekuwa mtu ambaye hakuzaa. Nikaichana. Yule jamaa akanitukana kwa kumharibia fomu. Akai alilia njia nzima, na siku mbili hakunisemesha. Na mimi sikujua kama nimefanya vyema, Lokiru. Zilibaki siku tisa.

Tukapanda lori la kondoo mpaka Kaaleng kwa jamaa zako, ili wazee wamthibitishe mbele ya chifu. Mimi nilibeba makaratasi. Barua ya padri, kadi yako ya kazi yenye picha, mpaka ile kofia ya kazi yenye jina lako. Mzee aliyeongoza akayapokea yote, akampa chifu bila kuyatazama. Akamuuliza Akai swali moja kwa Kiturkana. Mtu aliyekaa kando yangu akanitafsiria: chapa ya mifugo ya baba yako ikoje?

Akai hakujua. Angejuaje? Amekulia Lodwar, shule za bweni, na mbuzi wako wachache ulikuwa umewaachia kaka yako, naye alihama nao kabla hujafa. Mzee mwingine akacheka. "Huyu ni mtoto wa duka," alisema.

Hapa ndipo nikuombe msamaha. Miaka kumi na moja, kila sakafu tuliyomaliza, kabla haijakauka ulichukua msumari ukachora kitu pembeni, chini kabisa. Mimi nilidhani ni mchezo. Niliogopa msimamizi atatukata pesa, kwa hiyo nilipita nyuma yako na mwiko nikasawazisha. Uliniona. Sakafu iliyofuata ukachora tena. Kwa kukifuta nilikijua kuliko sahihi yangu.

Nikaomba ruhusa, nikapiga magoti mbele ya vile vigoda vyao, nikachora mchangani kwa kidole: mstari mmoja mrefu, matawi mawili yaliyopinda, na nukta.

Mzee akainama, akafuta nukta yangu kwa dole gumba, akaihamishia upande wa pili, ulio wake. "Huyu mtu wa Kenya," akasema, "alijifunza akiwa amesimama nyuma ya ng'ombe." Wakacheka wote, hata chifu. Wakamuuliza Akai babu yake ni nani, na kabla hajamaliza kulitaja jina, wazee watatu walikuwa wameshafika kwa baba wa babu, wanabishana alikufa ukame upi. Chifu akapiga muhuri.

Yule aliyenitafsiria aliniambia kwamba kwenu chapa na ukoo vina jina moja, emachar. Nilirudi na hilo kwenye lori, kondoo wamenilalia miguuni. Shuleni nilifundishwa kwamba mzalendo ni yule anayesimama wima wimbo ukiimbwa. Nimesimama sana, Lokiru, na mara nyingi nilikuwa nawaza chakula. Labda neno lilikuwa dogo zaidi mwanzoni, kabla ya wakubwa kulipandisha jukwaani. Mtu amezaliwa mahali, na wapo watu wa kusema, ndiyo, tunamjua aliyemzaa. Wewe hilo ulikuwa nalo siku zote. Ulikosa kadi ya plastiki tu.

Akai alipata karatasi ya kusubiri, tukafika chuoni siku ya mwisho kabisa. Jina la baba: Lokiru. Aliliandika mwenyewe, herufi kubwa. Chini yake kulikuwa na nafasi ya mlezi, mtu wa kuitwa akiugua, wa kufika mikutano, mpaka amalize. Akanisukumia karatasi. Safari hii alinitazama usoni.

Wajua nilikuwa nirudi nyumbani Desemba. Mke wangu Nekesa alikuwa ameshapaka chumba chokaa. Nilitia sahihi. Jioni nilimpigia simu nikamweleza, akasema, "Kumbe una mke mwingine, anaitwa Turkana." Amenuna mpaka leo, na ana haki. Lakini jana aliuliza Akai anavaa viatu namba ngapi.

Kwa hiyo nakuahidi, ndugu yangu. Mpaka binti yako avae zile nguo nyeupe, mimi sitoki huku. Mgongo wangu unataka Kimilili. Nimeuambia usubiri.

Wewe pumzika. Wenzangu wamerudi, na zege halingoji mtu amalize barua.

Nduguyo,
Wafula