Nadhiri ya Nguo Nyeusi

Jumatatu, 5 Oktoba 1908

Mtakatifu Antoni, salaam. Hamjambo huko juu, wewe na Mtoto uliyempakata? Sisi hapa Setúbal tu wazima, ila kunuka sardini. King'ora cha kiwanda kimetutoa kitandani kabla ya alfajiri — mashua zimerudi zimejaa. Nimekata vichwa, nimepanga makopo, mgongo sina. Katika kopo tupu lililonifikia, chini kabisa: lozi moja. Wenzangu wakasema panya wa siku hizi wanajua kuchagua. Panya gani! Ni Zeferino, yule mgane anayelehemu makopo matupu kabla hatujayajaza, na vifuniko baadaye. Nikaila haraka.

Jumatano, 7 Oktoba

Lozi tena. Mbili! Mama mzima mimi, na moyo unaruka kama wa msichana. Kweli niliapa mbele ya altare yako, siku tulipomzika mume wangu Anselmo, kuvaa nyeusi hadi kaburini. Wifi Felismina alinishika mkono nikiapa. Ndiye msimamizi wetu kiwandani, na paa ninalolala chini yake ni lake. Lakini uliniona — nilikuwa nalia, sijui ninalosema.

Ijumaa, 9 Oktoba

Upumbavu wangu! Nimemlaza samaki mmoja chali juu ya wenzake, ili kopo likimfikia Zeferino ajue ni langu, na kwamba nimekubali. Wifi akapita, akalichukua yeye. Akamtazama samaki, akanitazama mimi. Akamgeuza kwa kidole.

Jumapili, 11 Oktoba

Baada ya misa Zeferino alinisubiri penye maji ya baraka. Mashine ya kufunga makopo inakuja, wanaolehemu wanaachishwa kazi. Amepata kazi Olhão, kwao. Meli ni Jumanne.

"Twende, Etelvina," akasema. "Padri wa kule atakufungulia nadhiri. Ila usije na gauni hilo, watadhani nimeiba mtawa."

Nikacheka kanisani, unisamehe.

Nyumbani nikamkuta wifi ameinamia sufuria la rangi, mikono myeusi hadi viwikoni. Nilingoja matusi. Akaniomba nivue gauni.

"Limechujuka, wifi yangu," akasema taratibu. "Watu wataona kama umemsahau."

Nikavua. Mimi huyo! Nikavua kama mtoto, na sina jingine.

Sasa nimekaa na shimizi. Gauni linachuruzika uani, wifi anamenya viazi huku akiimba litania. Ameniuliza naandika nini. Nimesema sala. Si uongo.

Nadhiri iliyowekwa kwa kilio, inafunga? Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumanne.