Parachuti Ambayo Sikuikagua

Kaka yangu,

Paka uliyeniachia amenenepa hadi hawezi kupanda dirishani. Mimi nimechoka tu.

Binti niliyekuwa nikimfundisha kuruka kutoka majabalini kwa parachuti amelazwa, kavunjika nyonga. Unajua utaratibu wetu: mwanafunzi hukunja parachuti, mwalimu hukagua. Asubuhi ya ajali aliniuliza, "Dada, umeikagua?" Nikamjibu, "Ruka, mdogo wangu, acha woga." Sikuwa nimeigusa. Ilichelewa kufunguka.

Jana mama yake alinishika mikono. "Asante, mwanangu, kwa kumfundisha. Anasema ni yeye aliyekosea kuikunja." Nikaendelea kumenya chungwa la mgonjwa.

Kesho narudi wodini kumwambia mama yake ukweli. Nakuandikia leo ili nikiogopa, awepo mtu wa kuniuliza kama nimemwambia.

Ni mimi, mdogo wako.